Ukucha Ndani ya Msuko

Katika mtaa wa wahunzi wa visu, mjini Istaravshan, kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna bibi harusi aliyetoka kwao bila kupita mikononi mwa Savriniso. Yeye ndiye aliyewasuka. Kazi hiyo alirithishwa na nyanya yake, ambaye tangu utotoni alimkalisha nyuma ya vichwa vya binamu zake na kumfundisha kugawa nywele kwa ncha ya ukucha wa kidole kidogo, si kwa kitana. Kitana, alisema bibi yule, hukwangua ngozi ya kichwa, lakini ukucha huteleza juu yake. Kwa hiyo Savriniso aliufuga ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kuume, akauchonga na kuupaka mafuta, akautunza kama seremala atunzavyo patasi yake. Aliosha vyombo kwa mkono wa kushoto ili kuuepusha na maji ya moto.

Watu wa mtaa ule hawamkabidhi kila mwanamke kichwa cha bibi harusi. Msusi sharti awe na mume aliye hai, watoto walio hai, na nywele ndefu zilizoota kichwani mwake mwenyewe, kwani huaminika kwamba kichwa cha msusi humgawia bibi harusi bahati yake. Mjane hashiki nywele hizo, tasa hashiki, wala hashiki mwanamke aliyenyonyoka nywele kwa maradhi. Savriniso hakupungukiwa na lolote katika hayo. Mumewe, Ismat, alikuwa mwashi huko Siberia pamoja na mwana wao wa kiume, na kila majira ya baridi alirejea nyumbani. Nywele zake mwenyewe zilikuwa nyeusi na nzito, zikimfika chini ya kiuno, na wanawake waliokuja kumletea kazi walizoea kuzishika kwanza, kama mtu ashikavyo kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei.

Baba na kaka wakiwa safarini, nyumbani alibaki na binti yake wa pekee, Muattar. Mwaka ule, katikati ya baridi, baba yake akiwa nyumbani, Muattar aliposwa na Farrukh, kijana wa ukoo wa waoka mikate ng'ambo ya soko. Mkate wa uchumba ulivunjwa mbele ya wazee wa pande mbili, na harusi ikapangwa baada ya mavuno ya zabibu. Wiki chache baadaye, wanaume wakiwa wamekwisha rudi Siberia, Savriniso akioga, kidole kile kile chenye ukucha mrefu kiligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa la aprikoti.

Alimwambia mtu mmoja tu: Hojar, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye hata hivyo siri ikimwingia haitoki. Wakakubaliana kwamba mtaani itasemwa Hojar anaumwa mgongo na anapelekwa Dushanbe, mji mkuu, kwa madaktari, na Savriniso humsindikiza. Kwa hiyo kila mara waliporejea kutoka safarini, Hojar alilazimika kushuka garini akiwa amejipinda na kuchechemea hadi mlangoni, huku majirani wakimletea mafuta ya mkia wa kondoo ya kujichulia.

"Wifi, hii si haki," alinong'ona siku moja. "Unaumwa wewe, mtaa mzima unanikanda mimi. Jana yule mke wa mhunzi kanikalia mgongoni, nusura aniue kweli."

Savriniso alicheka hadi akashika ukuta.

Daktari aliyemhudumia, mwanamke mkavu wa maneno aliyeitwa Latofat, alimweleza mpango wote tangu siku ya kwanza. Kwanza dawa nyekundu ya dripu, kisha dawa nyingine nyeupe, ili uvimbe usinyae, kisha kisu, kisha mionzi. Akamwambia pia yatakayompata mwilini, bila kumpamba wala kumtisha. "Nywele zitatoka zote, na nyusi, na kope. Ngozi itakauka na kupasuka. Kucha zitakuwa nyeusi, huenda zikang'oka. Hayo yote yatarudi, dada. Lakini ukiuacha uvimbe huu katikati ya njia, wenyewe hautarudi nyuma."

Savriniso alisikia yote, ila lililobaki kichwani mwake wakati gari likipanda milima lilikuwa moja. Harusi. Aliwajua watu wa mji wake. Wangesema ugonjwa wa titi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti kama rangi ya macho. Wangesema hivyo kwa huruma, wakinywa chai, na kabla ya birika kumalizika mkate wa uchumba ungekuwa umerudishwa. Na msichana aliyerudishiwa mkate haposwi tena. Basi akaamua kwamba hadi Muattar avuke kizingiti cha nyumba ya mumewe, hakuna atakayejua, hata Muattar mwenyewe.

Nywele zilianza kutoka kabla maua ya aprikoti hayajapukutika. Katika nyumba zile za matofali ya udongo, nywele zinazobaki kwenye kitana hazitupwi. Mwanamke huzisokota kwa mate na kuzisukuma ndani ya ufa wa ukuta, zisichukuliwe na ndege wala na mkono wenye nia mbaya. Kucha nazo hufichwa vivyo hivyo. Savriniso alifanya kama alivyofunzwa, lakini nywele zilizidi nyufa. Alijaza ufa wa chumbani, akajaza wa ghalani, akajaza ule wa nyuma ya tanuri, na bado kila alipovua mtandio zilimfuata mkononi kwa mafungu, bila maumivu yoyote, kama majani ya mboga yaliyooza shinani. Mwishowe alizikusanya zilizobaki kichwani, akazikata kwa mkasi, akasuka misuko miwili akaificha katika mto wake wa kulalia.

Misuko hiyo ndiyo iliyomwokoa. Aliishona kwenye ukingo wa kofia yake ya tarizi, akaiongezea vishada vya hariri nyeusi miishoni kama wafanyavyo wanawake wote wa pale, akavaa mtandio juu yake. Aliyemwona kwa nyuma aliona kile alichozoea kukiona. Nyusi zilimpa taabu zaidi. Wanawake wa mji ule hukamua majani ya mmea uitwao usma na kuupaka utomvu wake kwenye nyusi, ziwe nyeusi na kuota vizuri. Savriniso aliupaka kwenye ngozi tupu. Ngozi yenyewe ilikuwa imekuwa nyembamba na nyekundu, ikawasha, ikatoa magamba, na mstari aliouchora asubuhi ulikuwa na mapengo kufika adhuhuri. Akahamia wanja. Muattar alipomwuliza kwa nini siku hizi anajipodoa hivyo, alijibu kwamba mama wa bibi harusi hana budi kupendeza, asije akadhaniwa mpishi.

Ilipofika zamu ya dawa nyeupe, maradhi yalihamia mikononi. Viganja viliwiva na kubabuka. Ncha za vidole zikafa ganzi, hata akawa hawezi kutambua kwa kugusa kama anashika uzi mmoja au miwili. Kisha kucha. Zilifanya mistari, zikawa za zambarau, zikawa nyeusi kama zilizobanwa na mlango, na chini yake kukaanza kutoka majimaji yenye harufu. Alizifunika kwa hina. Hina nzito, kila wiki, hata wanawake wakamtania kwamba amechanganyikiwa akadhani anaolewa yeye. Akaupokea utani huo kwa shukrani, maana ulimwepusha na maswali.

Mwishoni mwa kiangazi dripu mbili zilikuwa zimesalia, na baada yake kisu. Ndipo Karomat, mama yake Farrukh, alipotuma ujumbe kwa heshima zote kwamba ukoo wake ungefurahi mno iwapo Muattar angesukwa na mama yake mwenyewe, kama walivyosukwa mabibi harusi wote wa mtaa ule. Karomat alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyeongoza tanuri tatu za mikate na wakaza wana wawili bila kupaza sauti. Ombi lake halikuwa na njia ya kukataliwa. Msusi atakayekataa kumsuka binti yake mwenyewe angeulizwa sababu, na sababu ilikuwa ipo chini ya hina.

Savriniso alizitazama kucha zake na kuhesabu. Kila dripu ilizilegeza zaidi. Akienda tena, angefika harusini bila kucha hata moja, na bila nguvu ya kuketi nusu siku akisuka. Asipoenda, pengine zingeshika. Alimwambia Hojar kwamba safari hii hawatakwenda Dushanbe, wala ijayo. Watakwenda baada ya harusi.

Hojar aliacha kumenya karoti. Alizungumza muda mrefu, na kwa mara ya kwanza bila mzaha hata mmoja. Alimkumbusha maneno ya daktari, akamkumbusha Ismat, akatishia kwenda kwa Karomat mwenyewe na kumwambia kila kitu.

"Nenda," Savriniso alimjibu. "Kamwambie. Halafu urudi hapa umweleze Muattar kwa nini hana mume."

Hojar akachukua karoti nyingine. Hakwenda.

Siku ya kusuka, wanawake wa ukoo wa waoka mikate walikuja na matari yao, wakaketi duara juu ya magodoro ya pamba, wakaletewa pilau na zabibu. Muattar aliketi katikati juu ya mto mwekundu, nywele zikiwa zimeoshwa kwa maziwa ya mgando, na mama yake nyuma yake. Msuko wa bibi harusi katika mji ule ni wa misuko myembamba mingi kupita kawaida, na kila mmoja huanzia kwenye mstari ulionyooka. Savriniso aligawa kwa ukucha wa kidole kidogo kama alivyogawa maisha yake yote, akitumia macho badala ya vidole, kwa kuwa vidole havikumwambia kitu. Dada yake Karomat, mwanamke mwenye macho ya kudodosa, alikaa karibu kabisa akitazama kila mstari. Alisifu. Wengine wakasifu. Saa zikapita.

Karibu na utosi, akigawa sehemu nzito zaidi, alihisi baridi kidoleni. Hakuhisi maumivu. Alitazama chini akauona ukucha wake, mzima, mrefu, mwekundu kwa hina juu na mweusi chini, umelala katikati ya nywele za binti yake kama kokwa la tende. Kidole kilikuwa uchi, kimelowa.

Dada yake Karomat alikuwa amegeuka kupokea piala, kibakuli cha chai. Savriniso hakuwa na muda wa kufikiri. Mikono yake ndiyo iliyofikiri. Ukucha haungeweza kuangushwa sakafuni mbele ya watu, wala hakuwa na mfuko wa kuutia, wala hangeweza kuinua mkono kuupeleka kifuani bila damu kuonekana. Akauzungushia nywele. Nyuzi tatu zikapita juu yake, tena tatu, na ukucha ukawa umezama ndani ya msuko.

"Mama, umenivuta," Muattar alisema.

"Tulia. Karibu namaliza."

Akamaliza kwa kitana, kidole kimekunjwa ndani ya kiganja. Katika mtaa wao ni mama wa bibi harusi aendaye siku ya tatu kumfumua binti yake na kumchana. Hilo alilijua kama alijuavyo jina lake, na ndilo lililomtuliza. Angeufumua msuko ule kwa mkono wake, akauchukua ukucha, akautia ukutani, na mambo yangekwisha.

Jioni ile, Muattar alipofunikwa shela na wanaume kuanza kupuliza tarumbeta ndefu nje, Savriniso alimshika Karomat mkono kwa adabu akamwambia kwamba basi, Mungu akipenda, wataonana siku ya tatu, atakapokuja kumfumua.

"Usijisumbue, dada," Karomat alisema. "Kwetu sisi mama mkwe ndiye anayefumua. Wewe pumzika, umefanya kazi kubwa."

Akampapasa bega, akaingia garini.

Siku mbili zile Savriniso hakula. Hojar alipoelezwa, alikaa chini pale pale uani, kwa kuwa hakuhitaji kufafanuliwa. Kila mwanamke wa mji ule anajua sihiri ya kumfunga mwanamume hufanywa na nini: ukucha, uliofungwa kwa nywele, ukawekwa mahali ambapo bwana harusi atalala karibu nao. Mchawi aliyelipwa asingefanya kwa usahihi zaidi.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alitumiwa gari. Karomat alikuwa amewaondoa watu wote chumbani isipokuwa Muattar, aliyesimama pembeni, nusu ya kichwa kimefumuliwa na nusu bado, uso umevimba kwa kilio. Juu ya kitambaa cheupe cha mikate kulikuwa na ukucha, bado umeshikwa na nywele chache.

"Nimekuheshimu mbele ya ndugu zangu wote," Karomat alisema. Hakupaza sauti. "Nimekuomba wewe umsuke, nikidhani ni baraka. Sasa nieleze ulikuwa unamfunga nani. Mwanangu, au mimi?"

Savriniso alimwambia si sihiri.

"Basi ni nini? Umejiangukia wenyewe, wa kidole kilicho hai? Mimi si mtoto, dada. Gari linasubiri nje. Ukiniambia uongo, litakuchukua wewe na mwanao."

Savriniso alimtazama Muattar. Kisha akafungua mtandio. Akaishika kofia ya tarizi kwa mikono miwili, akaivua, na misuko miwili ikatoka pamoja nayo, ikaning'inia hewani. Akaiweka sakafuni. Akalowesha ncha ya mtandio kwa chai iliyopoa, akafuta wanja, nyusi moja, kisha ya pili. Akakunjua vidole juu ya kitambaa cheupe, karibu na ukucha, ili waone mahali ulipotoka. Kucha nyingine zote, chini ya hina, zilikuwa zimenyanyuka kama magamba ya samaki anayeanza kuparuliwa.

Muattar alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo.

"Ni titi," Savriniso alisema. "Dawa ndiyo imefanya hivi. Sikutaka mjue kabla hajafika kwenu."

Karomat aliviangalia vidole vile, kichwa kile chenye ngozi ya kijivu na mabaka, kofia yenye misuko pale chini. Mwishowe akaukunja ukucha ndani ya kitambaa.

"Ungesema mapema tusingemchukua," alisema. "Sikudanganyi. Ningekuja mwenyewe na mkate mkononi, ningelia pamoja nawe, na nisingemchukua." Akakifunga kitambaa fundo. "Sasa amekwisha ingia. Aliyeingia kwangu simtoi."

Akaenda nyuma ya Muattar, akaendelea kufumua.

Savriniso aliyabeba maneno yale nyumbani kama zawadi. Hojar aliyaona ni ya kikatili, lakini yeye aliyarudia mara nyingi, hata akipika: tusingemchukua. Hakuwa amekosea, basi. Alichokitoa kilikuwa kimenunua kitu.

Baada ya harusi kulikuwa na ziara za pande mbili, na mialiko isiyokataliwa, na arobaini ya bibi harusi, siku ambazo mama hapaswi kusafiri. Na ilipokwisha alikwenda Dushanbe. Daktari Latofat alimpima kwa mikono, akampeleka kwenye mashine, akatazama picha.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na harusi ya binti."

Daktari aliiweka picha mezani. Kisha akaeleza, kwa ukavu ule ule, kwamba uvimbe umefika kwenye ini, kwamba kisu hakina faida tena, na dripu ingemtesa bila kumponya. Akampa vidonge vya maumivu. Waliporejea, Hojar alishuka garini bila kuchechemea; hata mmoja wao hakukumbuka.

Na nywele zikaota. Zilianza kama unyoya wa kifaranga, zikawa za mawimbi, laini, zenye mvi, nywele ambazo hakuwahi kuwa nazo. Nyusi zikarudi, na kope. Mikono ikaacha kubabuka. Chini ya kucha zilizong'oka zikajitokeza nyingine, nyembamba na za waridi kama za mtoto mchanga. Ismat, ambaye hakupata ruhusa kazini ya kuja harusini, aliporejea kwa baridi, akiwa ameelezwa nusu tu ya mambo, alimshukuru Mungu kwa sauti. Majirani, ambao sasa walijua kuhusu ugonjwa, walikuja kutazama na kugusa, wakimpongeza. Savriniso aliwaachia. Yeye, Hojar na daktari ndio pekee waliofahamu kwamba nywele zimerudi kwa sababu dawa imeondoka.

Muattar alikuja siku ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya baridi inapokwisha, pamoja na mama mkwe wake, tumbo limeanza kuonekana. Uani wanawake walikuwa wakikoroga sufuria la uji wa ngano iliyochipua. Karomat aliketi karibu na Savriniso, akautazama mkono wa kushoto uliovimba hadi kwenye vidole, akayatazama macho, ambayo weupe wake ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Alivuta mto akauingiza polepole chini ya mkono ule.

Muattar hakuona. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama yake, amemvua mtandio, akizigawa nywele zile fupi kwa ncha ya ukucha wa kidole kidogo, aliokuwa ameufuga tangu harusi.

"Tazama, mama, zinashikika. Mwaka kesho zitafika mabegani. Utanisuka mimi tena, na mtoto akiwa wa kike, na yeye."

"Zimerudi," Savriniso alisema. "Ndiyo."

Msuko wa kwanza ulitoka mdogo kama kidole cha mtoto, ukafunguka. Muattar akacheka, akauanza upya, na mama yake akamwomba asiukaze sana.